Nani Alilipia Mwiko Wangu

Mimi ni fundi mwashi, mkaazi wa Nyundo, wilaya ya Rubavu. Wageni wanaotujua hutujua kwa kanisa kuu la jimbo lililo kilimani na kwa shule ya sanaa iliyoanzishwa mwaka 1952. Sisi wa bondeni, kando ya mto Sebeya, tuna mambo yetu: chai ya Pfunda, mashamba madogo ya mahindi na maharagwe, na mjengo. Asiyechuma chai hubeba zege. Mimi nilibeba.

Sikwenda kwenye mjengo kwa kupenda. Mwaka 2019 mume wangu, ambaye ndiye alikuwa fundi nyumbani kwetu, alianguka kutoka ghorofa ya pili ya jengo lililokuwa likipanda mjini Gisenyi. Jukwaa lilikuwa la miti ya mkaratusi iliyofungwa kwa kamba, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alivunjika nyonga na mgongo. Bosi alilipa hospitali siku ya kwanza, siku ya pili akatuma kijana na mfuko wa mchele, na baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Sheria ya nchi inamtaka mwajiri amchangie mfanyakazi wake asilimia 2 ya mshahara katika mfuko wa hifadhi ya jamii, RSSB, kwa ajili ya ajali za kazini. Hilo nilikuja kulijua baadaye sana. Wakati ule nilichojua ni kwamba jina la mume wangu halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote isipokuwa daftari la kapita, yaani msimamizi wa mjengo, na daftari lile lilikuwa la kuhesabu siku za kulipwa tu.

Watoto walikuwa wadogo, baba yao amelala, na shamba letu lilikuwa la kupimwa kwa hatua. Nikafunga kitenge, nikamfuata kapita wa jengo jingine.

"Shikamoo, mzee. Natafuta kazi."

"Kazi ipo, mama. Unaweza kupanda na karai?"

Nikasema naweza. Akaniandika muyede, yaani saidia fundi, kwa faranga 2,000 kwa siku. Fundi niliyemchotea mchanga alipokea 5,000. Sikuona ubaya, yeye alikuwa na ufundi na mimi nilikuwa na shingo. Lakini ukikaa mwaka mzima chini ya jukwaa unaanza kuona jambo ambalo mpita njia halioni. Kwenye mjengo Rwanda wanawake ni wengi, wala si jambo la kushangaza tena. Sasa tazama wamesimama wapi. Wako kwenye lundo la mchanga, kwenye mapipa ya maji, kwenye ngazi na matofali kichwani. Wavulana walioanza kazi wiki moja na mimi walipewa mwiko kabla mwaka haujaisha, kwa sababu fundi ana mpwa wake, au shemeji, au kijana wa kijiji chake. Mwanamke hana mjomba kwenye jukwaa.

Nikajifunza kwa kuiba kwa macho. Niliona kwamba fundi mzuri huloweka tofali kabla ya kulilaza, na mbaya hulilaza kavu, kisha lipu inabanduka. Niliona kwamba maji mengi kwenye zege humfurahisha anayekoroga na kumharibia mwenye nyumba. Lakini macho hayafundishi mkono. Ukuta unajengwa kwa kiganja, na kiganja changu kilikuwa na karai.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka. Lava ilishuka upande wa Goma, lakini mitetemeko ya siku zilizofuata haikuuliza mpaka. Gisenyi ilipasuka: kuta, barabara, maduka. Watu wa Goma walivuka kwa maelfu, na miongoni mwao alikuwa mzee mmoja mwashi ambaye baadaye alibaki upande wetu kwa kazi za kuziba nyufa, maana kazi hizo zilijaa. Kapita akanipanga niwe saidia wake kwa sababu mimi najua Kiswahili, na yeye Kinyarwanda chake kilikuwa cha sokoni tu.

Mzee yule alikuwa mkali. Siku za kwanza kila nilipouliza alijibu, "Shika, mwanangu, usiulize." Nikashika. Baadaye nadhani alichoka kuona macho yangu. Saa ya chakula, wafanyakazi wengine wakienda kula mgahawani, alinipa mwiko.

"Jenga kona," akasema. "Ukuta ni kamba. Kona ndiyo fundi."

Nikajenga, akabomoa. Nikajenga tena, akaweka timazi, akacheka, akabomoa. Nilijifunza jiwe la volkano, lile jeusi lenye matundu ambalo linakunywa maji ya saruji yote usipolimwagia kwanza. Nilijifunza kupima pembe kwa kamba yenye mafundo, tatu kwa nne kwa tano, bila kujua kwamba shuleni kitu hicho kina jina. Nilikuwa nikishinda njaa mchana, na jioni nilimbebea vifaa mpaka alipopanga chumba. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yangu kwake, na hatukuyazungumza. Siku moja tu nilimuuliza yeye alijifunzaje.

"Nilimpa bwana wangu mbuzi na miaka mitatu bila mshahara," akasema. "Na wewe unalipa. Hujaona tu risiti."

Niliyaweka maneno hayo moyoni, sikujua nitayatumia wapi.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha juu ya milima yote ya magharibi na kaskazini. Sebeya si mto mkubwa. Mchana wa kiangazi watoto huuvuka wakicheka. Usiku ule ulikuja na miti, mawe na mabati ya watu wa juu. Tulimtoa mume wangu kwa mlango wa nyuma, mimi na jirani, tumembeba kwenye ingobyi, ile machela ya kwetu ya kusuka, watoto wakishika upindo wa kitenge changu. Tulipofika mgongoni mwa kilima nikasikia nyumba ikienda. Nyumba ya udongo haivunjiki kwa kishindo. Inalainika. Nchi nzima ilipoteza watu zaidi ya 130 usiku huo na nyumba zaidi ya 5,000, na Rubavu ilikuwa kati ya wilaya zilizoumia sana. Katika mtaa wetu kuna nyumba zilizozikwa na wenyewe ndani. Sisi tulitoka hai wote. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, na sitaki mtu asome yanayofuata akadhani nimesahau.

Kulipokucha nilishuka kutazama. Nyumba yangu ilikuwa ya rukarakara, matofali mabichi ya udongo na nyasi. Serikali iliruhusu rasmi ujenzi wa rukarakara mwaka 2019, na ilifanya vema, kwa sababu masikini hana kingine. Lakini ruhusa ile ina masharti ambayo fundi anapaswa kuyajua: msingi wa mawe, ukuta wa udongo uanze juu ya ardhi na si ndani yake, paa litokeze nje mvua isipige ukuta. Nyumba ya jirani yangu, mita chache tu kutoka kwetu na mahali palepale maji yalipopita, ilikuwa ya udongo uleule lakini imekaa juu ya mawe kufika kiunoni. Ilipoteza milango na vyombo. Kuta zilibaki. Yangu ilijengwa na kijana asiyefundishwa na mtu, kwa bei niliyoweza. Alikuwa amepewa mwiko na mjomba wake, na mjomba naye alipewa na mjomba wake.

Hapo ndipo niliyakumbuka maneno ya mzee. Ujuzi wa fundi una gharama, na gharama hiyo hailipwi hewani. Mimi niliilipa kwa saa za chakula, mzee kwa mbuzi na miaka mitatu, na mwenye nyumba aliyejengewa na asiyefundishwa anailipa siku ya mafuriko.

Baada ya kambi ya muda na chumba cha kupanga, kazi za kujenga upya zikaja. Tulikatazwa kurudi kando ya mto, na nyumba mpya zilihitaji mikono. Nikaenda na mwiko wangu. Kwenye lango wakaniuliza cheti. Sikuwa nacho. Wakanipa karai.

Sitaeleza sana nilivyolia siku hiyo. Mwanamke mmoja niliyekuwa nabeba naye mchanga ndiye aliyeniambia habari za chama cha wafanyakazi wa ujenzi, useremala na ufundi, STECOMA, na kwamba kuna njia ya kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti bila kumrudisha darasani. Tanzania huita jambo hilo urasimishaji wa ujuzi, na VETA ndiyo inayolisimamia. Kwetu chama hushirikiana na bodi ya mafunzo ya ufundi, RTB. Nikajiandikisha. Ada nililipa kwa mikopo midogo ya kikundi chetu cha akiba.

Wakaguzi walikuja kwenye mjengo halisi. Mmoja alinipa kazi: kona ya mawe, mita moja kwenda juu, na tundu la dirisha. Nikafunga kamba mara mbili kama mzee. Nikamwagia jiwe maji. Mkaguzi akauliza kwa mdomo kwa nini, nikamweleza. Akauliza uwiano wa saruji na mchanga kwa msingi, kwa ukuta, kwa lipu. Nikamweleza. Akaweka pima maji juu ya kazi yangu, akatazama kitone kile cha hewa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikadhani anatafuta kosa. Akaandika. Baadaye nikapata karatasi yenye jina langu na neno umufundi.

Ile karatasi ilifungua lango. Mwaka uliofuata niliajiriwa na kampuni yenye mkataba wa maandishi na karatasi ya mshahara. Sikuwahi kuona karatasi ya mshahara. Nilikaa nayo usiku, tukaisoma na mume wangu mstari kwa mstari: kodi ya mapato, pensheni, likizo ya uzazi, bima ya afya ya jamii. Mwezi Januari 2025 mstari wa pensheni ulikua. Mchango wote ulikuwa asilimia 6, ukawa 12, nusu yangu na nusu ya mwajiri, kwa amri ya rais iliyotokana na sheria. Watu walinung'unika kwenye mjengo wiki nzima. Mimi nilikuwa na swali jingine. Karatasi ile ilikuwa na mstari wa uzee wangu, wa uzazi, wa ugonjwa. Mstari wa kufundishwa haukuwepo. Hakuna aliyekatwa hata faranga moja ili msichana aliyeko chini ya jukwaa apewe mwiko. Nchi yetu ina mfuko wa kuendeleza ujuzi, na umesaidia wengi, lakini umetegemea sana fedha za wafadhili, Benki ya Dunia ikiwemo. Mfadhili hufadhili mradi, na mradi una tarehe ya kuisha. Watu huanguka kutoka majukwaani mwaka hadi mwaka.

Nikaliuliza swali hilo kwenye semina ya chama. "Nani anaweza kumlazimisha mwenye jengo alipie mafunzo?" Mwezeshaji, dada mmoja mwanasheria, alicheka kwa furaha kama mtu aliyengojea kuulizwa. Akasema: si wizara peke yake, si chama, si kampuni. Bunge. Karibu kila katiba ya kanda hii inasema tozo au kodi haiwekwi ila kwa sheria. Katiba ya Kenya inasema hivyo katika ibara ya 210, ya Tanzania katika ibara ya 138, ya Uganda katika ibara ya 152, na yetu Rwanda ina kanuni hiyohiyo. Halafu akatueleza majirani wamefanya nini na nguvu hiyo. Nayaandika hapa kwa sababu mafundi wengi hawayajui, na wabunge wengine nao, samahani, sidhani wanayajua.

Tanzania ina tozo ya kuendeleza ufundi stadi, mwajiri analipa kwa hesabu ya mishahara yote anayolipa. Ilikuwa asilimia 6, ikashushwa mara kwa mara mpaka 3.5 mwaka 2023, na inawagusa waajiri wenye wafanyakazi kuanzia kumi. Hapo tayari mafundi wengi wa mitaani wako nje, maana mjengo wa nyumba ya kawaida hauna mwajiri wa watu kumi. Lakini kilichoniudhi ni kingine: kwa miaka mingi ni theluthi moja tu ya tozo hiyo iliyokwenda VETA. Theluthi mbili zilikwenda kwingine serikalini, mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu ikiwemo. Sisemi mwanafunzi wa chuo kikuu hastahili. Nasema fedha ilikusanywa kwa jina la saidia fundi ikamsomesha mhandisi, na mhandisi ndiye atakayekuja kumuuliza saidia fundi cheti.

Kenya iliupitia mlango mwingine. Sheria ya Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi ya mwaka 2011 iliipa mamlaka hiyo kazi ya kuwatambua mafundi na wasimamizi wa mjengo, na ikaruhusu tozo isiyozidi nusu asilimia ya thamani ya mkataba, kwa mikataba inayozidi shilingi milioni 5. Huu ndio muundo ninaoupenda. Unamfuata mwenye jengo, si mwenye ofisi. Jengo likipanda, mafunzo yanapanda nalo. Tozo hiyo ilidumu miaka michache tu, ikafutwa ili kupunguza gharama za vibali. Kilichowekwa kwa tangazo la waziri kiliondoka kwa tangazo. Wakenya wamebaki na tozo ya zamani ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mwezeshaji akataja pia Australia Magharibi, jimbo ambalo bunge lake mwaka 1990 lilitunga sheria ya mfuko wa mafunzo ya ujenzi, na tozo yake ni asilimia 0.2 ya thamani ya mradi. Jimbo moja tu, ndani ya nchi, liliona halihitaji kusubiri taifa zima.

Nusu asilimia. Nilifanya hesabu kwenye kiganja. Nyumba ya faranga milioni 20 ingetoa 100,000. Ni kama mifuko michache ya saruji, chini ya kile mwenye nyumba anachopoteza kwa fundi mmoja asiyejua kupima kona. Ghorofa ile aliyoanguka mume wangu ingetoa fedha za kufundisha watu wengi, na mmoja wao angejua kwamba jukwaa la mkaratusi halifungwi kwa kamba iliyoloa.

Kuna wanaosema tozo itapandisha bei ya nyumba na itamwangukia masikini. Ni hoja ya kweli, siipuuzi. Mimi mwenyewe ndiye masikini huyo. Ndiyo maana sheria iweke kiwango cha chini, ili nyumba ya rukarakara isiguswe, tozo ianzie kwenye maghorofa, hoteli za ufukweni na barabara. Wanaosema tozo itaishia mifukoni mwa wakubwa nao nawaelewa, na mfano wa theluthi mbili unawapa nguvu. Sheria iandike fedha inakwenda wapi, iandike pia nani anakaa kwenye bodi, na kati yao wawepo watu waliowahi kubeba karai. Na kiwango kiwe ndani ya sheria yenyewe, kisifutike kwa karatasi ya ofisi moja.

Mume wangu husema nimekuwa mwanasiasa. Anasema akiwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, kwa sababu sasa anaketi, na anaweza kusimama kwa fimbo muda mfupi. Nyumba tunayokaa nimeijenga mimi, juu kilimani, mbali na mto, kwenye msingi wa mawe meusi. Wenye kupita huuliza fundi ni nani. Yeye hunyoosha fimbo kunionyesha.

Sasa najenga nyumba ya mtu, karibu na barabara ya Mahoko. Nina saidia wawili, mmoja ni msichana aliyeacha shule baada ya mafuriko. Kabla ya kuanza nilimwambia mwenye nyumba kwamba bei yangu ina saa moja kila siku ambayo msichana atashika mwiko nami nitasimama tu, na saa hiyo analipwa kama kawaida. Akashangaa.

"Mama, mimi nijengewe nyumba au nifungue shule?"

"Vyote, mzee. Ukuta wako wa nyuma, yule tutamfundishia hapo. Ukipinda nabomoa kwa gharama yangu."

Tulivutana mpaka chai ikapoa. Saa moja aliikataa. Alikubali nusu saa, na nikamwomba aiandike kwenye mkataba pamoja na bei ya saruji na siku za malipo. Ameiandika kwa mkono wake, kati ya mstari wa nondo na mstari wa mabati, na sote wawili tumetia saini.